Kifaa cha Neva kwa Mtoto Mwenye Kifafa Sugu



Kifafa huitwa sugu pale dawa mbili zilizochaguliwa na kutumiwa ipasavyo zinaposhindwa kukituliza. Baadhi ya watoto hao hupandikizwa kifaa kidogo chini ya ngozi ya kifua, ambacho waya wake hupeleka umeme hafifu kwenye neva ya shingoni, upande wa kushoto. Marekani ilikiidhinisha mwaka 1997 kwa wenye miaka 12 na zaidi, na mwaka 2017 kwa watoto kuanzia miaka 4.

Kifaa hiki hulenga kupunguza vipindi vya kifafa, hakiponyi. Sauti yaweza kukwaruza, na betri ikiisha upasuaji hurudiwa. Kwa hiyo twawasihi: ulizeni gharama za miaka ijayo kabla ya kulipa, wala msimwachishe mtoto dawa bila agizo la daktari.