Sheria, Mawakili na Biashara Yenye Kudumu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama)



Ni desturi ya watu wengi wa biashara kumwendea wakili wakati wa taabu tu: deni limekataliwa, duka limefungwa, au barua ya mahakama imekwisha kufika mkononi. Hapo wakili huwa kama tabibu aliyeitwa mgonjwa akiwa mahututi. Maneno ya leo yana shabaha moja, nayo ni kuonyesha kwamba kazi iliyo bora ya sheria katika biashara hufanywa kabla ya kuwekwa jiwe la kwanza la msingi. Na kwamba biashara isiyotazama haki ya jirani, wala haki ya maji, ardhi na hewa, haidumu, hata kama faida yake ya mwanzo ni kubwa.

Fikra hii si ngeni kwa Waislamu. Katika fiqhi iko kanuni mashuhuri kwamba madhara yapasa kuondolewa. Wanachuoni wa Dola ya Uthmaniya walipoikusanya sheria ya madai katika kitabu kiitwacho Majalla, baina ya mwaka 1869 na 1876, waliitia kanuni hiyo miongoni mwa vifungu vya mwanzo. Kisha, katika habari za majirani, wakaifafanua kwa mifano ya kazi za kila siku: karakana ya mhunzi au kinu kinachotikisa ukuta wa nyumba ya pili, na tanuri ambalo moshi wake humfanya jirani asiweze kukaa nyumbani mwake. Mwenye mali ana ruhusa ya kuitumia mali yake, lakini ruhusa hiyo ina mpaka, na mpaka wenyewe ni madhara makubwa kwa mtu mwingine.

Tanuri la namna hiyo lilipata kuwako Mombasa, tena si zamani. Katika kitongoji cha Owino Uhuru kilifunguliwa, mwaka 2007, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za motokaa ili kupata risasi, yaani ile madini nzito iliyomo ndani yake. Kitongoji hicho kilikuwa na watu wapatao elfu tatu, na nyumba zao zilipakana na kiwanda. Moshi na vumbi viliwaingilia majumbani, na maji machafu yakapita katika njia zao. Risasi ni sumu ya taratibu. Huingia katika damu bila kelele, na kwa watoto wadogo hudhuru ubongo, hata mtoto akabaki nyuma katika masomo na mzazi asijue sababu.

Mwanamke mmoja, Phyllis Omido, aliajiriwa katika kiwanda hicho mwaka 2009. Mwanawe mchanga akaugua, na alipopimwa ikaonekana risasi katika damu yake. Mama huyo akaiacha kazi, akawakusanya majirani, na wakaanza kudai kiwanda kiondolewe. Kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2016 madai yakapelekwa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa, na mwezi wa Julai 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitangua fidia hiyo. Na mwezi wa Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha. Tangu tanuri kuwashwa hata hukumu hiyo ya mwisho ni miaka kumi na saba. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa kwanza alikuwa amekwisha kuwa kijana.

Wasikilizaji watukufu, katika habari hii yamo mafunzo matatu.

La kwanza ni kwamba sheria ilikuwako. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 ilikuwa imekwisha kuagiza kwamba mradi wa aina hii uchunguzwe athari zake kabla ya kuanza. Upungufu haukuwa wa maandishi, bali ulikuwa wa kuyatimiza. Ndiyo sababu mahakama haikuutwika mzigo wa fidia upande wa kiwanda peke yake, bali pia idara za serikali zilizopaswa kusimamia zikalazimu.

La pili ni kazi ya mawakili. Machozi ya mama, hata yakiwa ya kweli, hayatoshi kuwa ushahidi. Ilipasa kuleta vipimo vya damu na vya udongo, barua, leseni na tarehe, na kuyapanga yote hayo hata jaji aone lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliwafungulia mlango, kwani inampa kila mtu haki ya mazingira safi, wala haimlazimishi mdai kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyedhurika.

La tatu lamhusu mwenye mali. Kiwanda kile hakikutimiza hata miaka kumi. Laiti wakili mwenye insafu angaliulizwa mapema, angalisema neno moja tu: tafuteni mahali pengine, mbali na watu. Neno hilo lingaligharimu kidogo sana kuliko miaka ya kesi, wala lisingalimgharimu mtoto yeyote afya yake.

Hapa Uganda mambo yanafanana. Katiba ya mwaka 1995, katika ibara ya 39, inatambua haki ya kila raia kupata mazingira safi yenye afya. Ibara ya 50 inamruhusu mtu au jumuiya kwenda mahakamani kwa ajili ya haki za wengine. Na ibara ya 237 inasema kwamba maziwa, mito, vinamasi na misitu ya hifadhi vimo mikononi mwa serikali kama amana kwa faida ya watu wote. Neno amana Mwislamu hahitaji kufasiriwa.

Na atazamwe Mfereji wa Nakivubo. Uchafu mwingi wa Kampala hupita humo, ukaingia katika kinamasi, kisha katika Ghuba ya Murchison, na katika ghuba hiyo hiyo, upande wa Ggaba, huvutwa maji ya kunywa ya mji. Mwenye gereji amwagaye mafuta machafu mtaroni asidhani yamekwenda mbali. Yako njiani kurudi katika birika lake la chai.

Basi mfanyabiashara amwulize wakili nini? Kwanza, kiwanja: je, hati ni halali, au kiwanja kimo ndani ya kinamasi, na hati yaweza kufutwa kesho? Pili, je, kazi hii inahitaji uchunguzi wa mazingira chini ya Sheria ya Taifa ya Mazingira ya mwaka 2019? Tatu, mikataba ya vibarua na ya wauzaji: je, imeandikwa na kufahamika kwa pande zote mbili? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na wakili naye ana wajibu wake. Wakili anayetafuta upenyo wa kukwepa sheria ni mshirika wa madhara. Wakili mwema ni yule athubutuye kumwambia mteja wake, “Usifanye,” hata kama kwa neno hilo atakosa ujira.

Wako watakaosema kwamba mawakili ni ghali, na mwenye duka dogo hawamudu. Ni kweli. Lakini mzigo mzito kwa mmoja huwa mwepesi kwa wengi. Jumuiya yaweza kuchanga, ikamwalika wakili siku moja kila mwezi kusoma hati na mikataba ya wanachama. Yaweza pia kuwasaidia vijana wake, wa kiume na wa kike, wasome sheria, ili watu wa mitaa hii wapate wa kuwasemea bila kungoja msiba.

Usipoziba ufa utajenga ukuta; na ukuta wa mahakama, kama walivyoona watu wa Owino Uhuru, hujengwa kwa miaka kumi na saba.