Honi ya Meli Yasema Nini?

Meli haina breki kama motokaa. Hata mitambo ikizimwa, uzito wake huendelea kuisukuma mbele. Ndiyo sababu hutoa habari mapema kwa honi. Kwa kanuni za mataifa za mwaka 1972, mlio mmoja mfupi maana yake meli yageuka kuume; miwili, yageuka kushoto; mitatu, mitambo yavuta nyuma. Milio mitano au zaidi, mifupi na ya haraka, ni onyo la shaka au hatari.

Lakini mvuvi wa Kilindini na akumbuke: kuume huko ni kwa meli. Ikimkabili, kuume kwake ni kushoto kwa mvuvi. Akikosea hapo, atapiga kasia kuelekea huko huko iendako meli. Na asikiapo mitano, aondoke njiani mara moja.