Si Kila Uvimbe wa Mguu ni Jipu

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo)



Leo tuzungumze juu ya mishipa ya miguu. Wengi wetu tunamjua mtu ambaye mishipa ya miguu yake imejitokeza nje na kujipinda kama mizizi ya mti. Lakini liko jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mshipa unaweza kuvimba mahali pamoja tu, ukawa kama kifuko kilichojaa damu. Mtu akidhani ni jipu, akachukua wembe na kulitumbua, damu itatoka kwa wingi na maisha yatakuwa hatarini.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Mtu akisema, "Nina mshipa," mwenzake hufikiri ana ngiri. Leo sisi tunasema habari za mishipa ya damu. Iko ya aina mbili. Ateri hutoa damu moyoni na kuipeleka mwilini. Vena huirudisha damu moyoni. Shika penye kifundo cha mkono wako. Ile inayodunda ni ateri. Vena za mikono na miguu hazidundi hivyo.

Damu ya miguuni ina safari ngumu, maana lazima ipande. Maji ya bondeni hayapandi kilimani bila pampu. Pampu ya mguu ni nyama za shavu la mguu. Tunapotembea, nyama hizo hukaza na kuisukuma damu juu. Ndani ya vena mna vilango vidogo. Hufunguka damu ipite, kisha hujifunga isirudi chini. Vilango vikilegea, damu hurudi na kutuama. Ukuta wa mshipa ukiwa dhaifu, hutanuka. Ndipo uvimbe hutokea.

Je, ni uchawi? Hapana. Wala si ugonjwa wa kuambukiza. Wengine hurithi mishipa dhaifu kwa wazazi. Akina mama waliobeba mimba nyingi, wazee, watu wanene na wale wanaosimama mchana kutwa hupatwa zaidi na mishipa iliyotanuka.

Vena ndefu kuliko zote mwilini hupita chini ya ngozi ya mguu. Huanzia kwenye wayo, hupita kifundo cha mguu kwa upande wa ndani, hupita goti na paja, hadi kinenani. Hapo huingia katika vena kubwa iliyo ndani zaidi. Kifuko kikitokea kinenani, kinaweza kuwachanganya hata wataalamu. Hufanana na ngiri. Hufanana na mtoki. Kikiwa chini ya goti, watu husema ni jipu.

Sasa tutakitambuaje? Mgonjwa asimame, kisha uvimbe utazamwe. Mara nyingi uvimbe wa vena huwa laini na hujaa mtu akisimama. Akilala na kuinua mguu, hupungua. Lakini tusijidanganye: ngiri nayo hurudi ndani mtu akilala. Tena uvimbe ukidunda, huenda ni wa ateri, na huo ni hatari zaidi. Kwa hiyo kutazama na kugusa hakutoshi.

Kipimo kinachotegemewa ni ultrasaundi. Mashine hiyo hutumia sauti ambayo sikio halisikii, haitumii mionzi ya eksirei. Haichomi wala haikati. Huonyesha upana wa mshipa, damu inavyokwenda, na kama ndani mna damu iliyoganda. Pia huonyesha kama vena za ndani ni nzima. Jambo hili ni kubwa. Vena za ndani zikiwa zimeziba, huenda damu inategemea njia ya juu. Daktari lazima ajue hivyo kabla ya kuifunga njia hiyo.

Matibabu hutegemea hali ya mgonjwa. Kifuko kidogo kisichosumbua kinaweza kuangaliwa tu mara kwa mara. Mgonjwa huweza kupewa soksi za kubana au bendeji ya mpira. Hizo hupunguza uzito na uvimbe wa mguu, lakini hazikiondoi kifuko. Tena asijifungie mwenyewe kabla daktari hajapima kama damu inafika vizuri kwenye wayo.

Kifuko kikiwa kikubwa, kikiuma, kikiwa na damu iliyoganda au kikiwa karibu na kinena, mara nyingi huhitaji upasuaji. Daktari huufunga mshipa, kisha hukitoa kifuko. Watu huuliza, "Sasa damu itapita wapi?" Itapita katika vena za ndani, ambazo ndizo hubeba sehemu kubwa ya damu ya mguu.

Tukikaa bila kujali, damu iliyotuama inaweza kuganda. Uvimbe huwa mgumu, wa moto na wenye maumivu. Usiukande wala kuusugua. Donge la damu huweza kusafiri hadi mapafuni, hasa likitoka katika vena za ndani au karibu na kinena. Mtu mwenye uvimbe wa mguu akibanwa pumzi ghafula au akiumwa kifua, apelekwe hospitali saa ile ile.

Na mshipa ukipasuka je? Fanyeni hivi:

1. Mlazeni mgonjwa mara moja. Asisimame, wala asiketi.
2. Inueni mguu juu kuliko kifua.
3. Kandamizeni jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 15. Msifunuefunue kutazama.
4. Msitie majivu, kahawa wala samadi. Msifunge kamba pajani.
5. Mpelekeni kwenye matibabu akiwa amelala, mguu ukiwa juu, huku mkiendelea kukandamiza.

Wako watu waliokufa kwa damu ya mguu, na pengine kulala na kuinua mguu kungewaokoa.

Ndugu zetu, ukiwa na uvimbe usioujua, nenda zahanati. Mweleze mganga umeanza lini, na kama hupungua ukilala. Asipokuwa na kipimo, mwombe barua ya kwenda hospitali ya wilaya. Na yeyote atakayekujia na wembe, mwambie: "Tupime kwanza."