Mkono Mmoja Katika Hazina ya Mji

Wasikilizaji wetu, leo twataka kunena habari za fedha za miji midogo, yaani zile kodi na ushuru ambazo watu huzitoa ili njia zitengenezwe, maji yapatikane, na askari walipwe mishahara yao. Wengi hudhani ya kuwa wizi wa fedha hizo ni jambo la miji mikubwa, ambako watu hawajuani. Sisi twaona vingine. Katika mji mdogo karani wa fedha ni jirani, na ni haya kumwuliza jirani hesabu.

Tutazame mji wa Dixon, katika jimbo la Illinois, Marekani. Wakati wa mambo haya ulikuwa na watu wapata 16,000, na ndiko alikokulia Rais Ronald Reagan. Mwaka 1983 Bibi Rita Crundwell alifanywa mtunza fedha wa mji huo. Alikuwa ameanza kazi katika ofisi zake tangu alipokuwa mwanafunzi, na wote walimwamini. Diwani mmoja, alipoondoka barazani mwaka 2011, alimsifu kwamba huitunza kila dola ya mji kana kwamba ni yake mwenyewe. Maskini, alisema kweli kuliko alivyojua.

Kwa maana Desemba 1990 bibi huyo alikuwa amefungua katika benki akaunti yenye jina la mji, ambayo baraza halikuwa na habari nayo. Hila yake haikuwa ya ajabu. Aliandika ankara za uongo, zionekane kama madai ya serikali ya jimbo kwa kazi zilizofanywa mjini. Kisha akaandika hundi ya mji kulipa madai hayo. Na ile hundi ikaingia katika akaunti ya siri. Kutoka hapo alinunua nyumba, vito, na farasi wa maonyesho wapatao 400. Mshahara wake ulikuwa kama dola 80,000 kwa mwaka. Watu waliwaona farasi, wakadhani ni faida ya biashara yake.

Hata mwaka 2012 alikuwa amekwisha kuchukua zaidi ya dola milioni 53. Wanafunzi mnaosikiliza na wagawanye kwa idadi ya watu tuliyoitaja: ni zaidi ya dola 3,300 kwa kila kichwa, watoto wachanga nao wamo. Muda wote huo njia zilikaa bila kutengenezwa na watumishi wakapunguzwa. Madiwani walipouliza, waliambiwa kwamba serikali ya jimbo inachelewesha fedha za mji. Nao wakasadiki, maana mara nyingine ilichelewa kweli. Wakaguzi wa hesabu walikuja kila mwaka, wakazipitisha.

Yawezekanaje? Yeye ndiye aliyepokea fedha, ndiye aliyeandika hundi, ndiye aliyeandika daftari, na barua za benki zilifika mikononi mwake. Lakini mwaka 2011 alichukua likizo ndefu, na karani wa mji, Bibi Kathe Swanson, akaiomba benki taarifa za akaunti zote za mji. Katika karatasi hizo akaona akaunti asiyoijua. Alimpelekea meya, Bwana James Burke, naye akawaarifu wapelelezi wa FBI, akanyamaza miezi kadhaa hata walipomaliza uchunguzi. Bibi Crundwell alikamatwa Aprili 2012, na Februari 2013 akahukumiwa kifungo cha miaka 19 na miezi 7. Desemba 2024 Rais Biden alikipunguza.

Angalieni basi: wizi wa miaka 21 haukufichuliwa na mtaalamu. Ulifichuliwa na barua ya benki iliyosomwa na mtu mwingine. Kwa hiyo barua hiyo haifai kufunguliwa kwanza na yule aandikaye daftari. Apokeaye fedha asiwe ndiye azitoaye. Hundi iwe na sahihi mbili, wala sahihi ya pili isitiwe mapema juu ya hundi tupu eti kwa kuwa mwenyekiti anasafiri. Desturi hii tumeiona mahali pengi nayo ni mbaya sana. Ankara ikisema daraja limejengwa, mtu aende akalitazame daraja. Na mtunza fedha apewe likizo kila mwaka, na kazi yake ifanywe na mwingine hata atakaporudi.

Mtasema: ofisi yetu ina makarani wawili tu. Ni kweli, lakini kufungua bahasha na kuilinganisha na daftari ni kazi ya saa moja kwa mwezi, na diwani yeyote ajuaye kujumlisha aiweza. Tena wengine husema kwamba kumkagua mtu mwaminifu ni kumtukana. Sisi twamhurumia zaidi mwaminifu asiyekaguliwa, maana siku fedha zikipotea hana hata karatasi moja ya kumtetea.

Watu wa Dixon walirudishiwa sehemu kubwa ya mali yao: wakaguzi na benki walikubali mwaka 2013 kulipa dola milioni 40, na farasi waliuzwa kwa mnada. Miji mingi haipati bahati hiyo.

Basi ninyi mlio wajumbe wa mabaraza, katika kikao kijacho ulizeni mji wenu una akaunti ngapi, na barua za benki hufunguliwa na nani. Kwaherini.