Nafasi Iliyoliwa Kimya Kimya: Mafaili ya Kumbukumbu katika Tovuti



Leo tunazungumza nanyi mnaolipia nafasi ya tovuti katika seva ya kampuni.

Tuchukue mfano wa mwenye nyumba ya wageni. Asubuhi moja tovuti yake haipokei tena maombi ya vyumba, na barua pepe za wageni zinarudishwa kwa waliozituma. Kampuni inamjibu kwamba nafasi yake imejaa, hivyo alipie kifurushi kikubwa zaidi. Kabla hajatoa fedha, tunamshauri aulize swali moja: nafasi hiyo imejazwa na nini? Huenda si picha wala barua, bali faili moja la kumbukumbu asilowahi kuliona.

Seva huandika mambo yanayoipitia. Ukurasa unapofunguliwa, huandikwa mstari wenye tarehe, saa, anwani ya intaneti ya mgeni na ukurasa alioutaka. Hitilafu nazo huwekwa katika faili lake, ambalo mara nyingi huitwa error_log. Programu mbovu ikiandika mistari 10 ya baiti 200 kila ukurasa unapofunguliwa, na kurasa zikifunguliwa mara 5,000 kwa siku, faili hilo litakua kwa megabaiti 10 kila siku. Kwa mwaka ni zaidi ya gigabaiti 3 na nusu.

Tunawashauri mfuate hatua hizi.

Kwanza, ingieni katika ukurasa wa usimamizi wa tovuti mtazame ukubwa wa kila folda na kila faili.

Pili, someni mistari ya mwisho ya faili lililovimba, kisha mpakue nakala yake. Mkishuku kwamba tovuti imeingiliwa, msifute chochote, kwa kuwa faili hilo ndilo shahidi wenu.

Tatu, jihadharini na faili linaloendelea kuandikwa. Katika seva za Linux, faili likifutwa huku programu ingali imelishika, jina lake hutoweka lakini nafasi hairudi mpaka programu ilifunge. Ni heri kuondoa yaliyomo, faili lenyewe libaki tupu.

Nne, msiguse msichokijua. Jina log pekee si kibali cha kufuta: hifadhidata nazo zina mafaili yenye jina hilo, na kuyafuta kwaweza kuiharibu hifadhidata yenyewe.

Tano, rekebisheni hitilafu iliyolijaza faili. Usipoziba ufa, utajenga ukuta; atakayefuta bila kurekebisha atafuta tena mwezi ujao.

Sita, iulizeni kampuni kama imeweka programu kama logrotate, ambayo huanzisha faili jipya kwa vipindi, hubana la zamani, na hulifuta muda wake ukiisha.

Jambo la mwisho ni haki ya wageni wenu. Anwani zilizomo katika mafaili hayo zaweza kusaidia kumtambua mtu. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za namna hiyo zisihifadhiwe kupita muda unaohitajika. Kwa hiyo kufuta kwa mpango kunaokoa fedha zenu, na pia kunalinda siri za waliowaamini.

Mnayo haki ya kujua mnacholipia. Ulizeni kwa maandishi, na mtunze majibu mnayopewa.