Kubadilisha Bushi na Shokapu za Land Cruiser za Utalii: Kosa Linalofanyika Kwenye Jeki

Mada kwa semina ya mafundi na wasimamizi wa karakana, Arusha

Nimeombwa nianze na maana. Springi hubeba uzito, shokapu hutuliza mdundo wa springi, bushi ni mpira unaokaa kati ya chuma na chuma. Hayo kila aliyemo humu anayajua.

Land Cruiser 70 tulizozizoea, kuanzia toleo la 1999, zina springi za koili mbele na za mabamba nyuma. Tunazirefusha bodi, tunazikata paa, kisha tunazituma lango la Naabi kwa ile barabara ya mawimbi kutoka lango la Loduare. Shokapu zinachemka. Tumelisema sana.

Tatizo lenyewe ni hili. Bushi mpya za mikono inayoshika ekseli ya mbele zinafungwa gari likiwa juu, matairi yananing'inia. Fundi anakaza bolti hadi mwisho, anashusha gari, anakung'uta mikono. Mpira wa bushi ile umegandishwa kati ya mabomba mawili ya chuma. Bolti ikishakazwa, bomba la ndani halizunguki tena. Gari linaposhuka mkono unabadili pembe, na mpira unabaki umesokotwa kama nguo inayokamuliwa, hata gari likilala gereji. Lazima uchanike.

Katika karakana moja niliyoisimamia, gari lilirudi baada ya safari tatu likigonga mbele. Ofisi ikaandika: bushi feki. Nilizichomoa mwenyewe, mipasuko yote ililalia upande mmoja. Feki zipo, sikatai, ila zile tulizichana sisi. Nikaandika waraka, nikaandika wa pili. Ulibandikwa ubaoni, jeki zikaendelea.

Mapendekezo. Kwanza, bolti ziingizwe bila kukazwa, gari lishushwe, lisukumwe mbele na nyuma likae sawa, ndipo zikazwe kwa spana ya kipimo. Pili, shokapu zibadilishwe kwa jozi. Tatu, yubolti za springi za nyuma zikishafunguliwa ziwekwe mpya, na zikaguliwe baada ya safari ya kwanza. Nne, bila kumlaumu yeyote, uongozi uangalie upya ratiba: gari linaloingia saa 12 jioni na kutakiwa alfajiri ndilo linalokaziwa hewani. Tano, kadi ya kazi iwe na mstari wa "limekazwa chini", na aliyekaza asaini, si msimamizi aliyekuwa ofisini. Sita, bushi isiitwe feki kabla haijachomolewa na kutazamwa. Saba ni la kwanza tena: gari lishuke kabla bolti haijakazwa.

Najua mtasema chini ya gari hakuna nafasi ya kuzungusha spana. Shimo la ukaguzi karakana nyingi zinalo, tumeligeuza stoo ya matairi mabovu. La hapa nimeomba liondolewe matairi leo jioni. Kesho saa 2 asubuhi gari la mafunzo litakuwa juu yake. Njooni na spana zenu.