Eli na Mtoto Samweli
(Dominika ya 2 ya Mwaka, Mwaka B)



Somo la kwanza la Dominika hii latupeleka Shilo, hekaluni, usiku, taa ya Mungu ikiwa bado haijazimika. Mtoto Samweli amelala. Anaitwa mara tatu, na mara tatu anaamka mbio kwenda kwa mzee Eli, akidhani ndiye aliyemwita. Mara mbili Eli anamrudisha kulala. Mara ya tatu ndipo anapotambua kwamba aitaye ni Bwana, naye anamfundisha mtoto namna ya kuitika.

Tutazame alichofanya Eli. Hakumwambia mtoto kwamba umri wake haujafika. Wala hakwenda yeye kuitika kwa niaba yake. Alimfundisha neno moja fupi, kisha akamwacha arudi peke yake mahali pake. Na huyu ndiye Eli yule ambaye wanawe, Hofni na Finehasi, makuhani wote wawili, waliidharau sadaka ya Bwana, naye akawaonya kwa maneno tu asiwazuie. Mtu aweza kuwa kuhani wa Shilo, na imani ikafifia chini ya paa lake mwenyewe.

Wazazi hutuuliza: mtoto wa miaka saba au minane akisema anataka kubatizwa, au anataka kumpokea Yesu katika Ekaristi, je, anajua asemalo? Kanisa limekwisha kujibu. Zamani, mahali pengi, watoto walingojeshwa hadi miaka 10, 12, hata 14. Tarehe 8 Agosti 1910, chini ya Papa Pio wa Kumi, ilitolewa hati iitwayo Quam singulari, ikaikemea desturi hiyo. Ilifundisha kwamba umri wa kupambanua mambo huanza karibu na mwaka wa saba, na kwamba mtoto hadaiwi elimu kamili ya dini. Yatosha ayajue, kwa kadiri ya akili yake, mafumbo yaliyo ya lazima, na aweze kutofautisha Ekaristi na mkate wa kawaida. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinafuata njia hiyo, na kanuni ya 914 inaweka wajibu wa kumwandaa mtoto kwanza juu ya wazazi na walezi, kisha juu ya paroko.

Hapa makatekista watuvumilie. Mtoto aweza kukariri majibu yote ya katekisimu pasipo kujikwaa, naye hajapata kumwona baba yake akipiga magoti.

Wako wazazi wanaopuuza. Husema mtoto anaiga wenzake tu. Naam, anaiga, hata kusalimu na kula alijifunza kwa kuiga, na Samweli alikuwa bado hajamjua Bwana alipoitwa. Wako na wanaosukuma: gauni jeupe limeshonwa, keki imeagizwa, wageni wamealikwa, na mtoto akisema anaogopa kuungama hakuna amsikilizaye.

Lakini lipo jambo zito zaidi. Mtoto amepokea Komunyo ya Kwanza, amerudi kuketi, anamgeukia baba yake: “Baba, mbona wewe hukwenda?” Baba anajua sababu. Ndoa yake haijafungwa kanisani, na miaka inapita. Mara nyingi jibu huwa ukali: hayo ni mambo ya wakubwa.

Eli naye alipata asubuhi ya namna hiyo. Samweli aliogopa kumweleza aliyoyasikia usiku, kwa kuwa yalikuwa hukumu juu ya nyumba ya Eli. Mzee alimwita akamtaka asimfiche hata neno moja. Aliposikia yote hakumpiga, wala hakumnyamazisha. Alikubali kwamba aliyesema ni Bwana.

Baba aliyeulizwa hivyo asimdanganye mwanawe. Amweleze, kwa lugha ya mtoto, kwamba liko jambo ambalo hajalitengeneza, kisha juma hilohilo yeye na mama waende kwa paroko. Wengi wamekawia kwa kungojea fedha za karamu, na Kanisa halidai karamu. Wengine mmoja wao hajabatizwa; hapo Askofu aweza kutoa ruhusa. Wako pia wenye kizuizi kigumu, kama kifungo cha ndoa ya awali, na hao hatuwaahidi jibu la haraka. Hata hivyo, mlango wa Misa haukufungwa kwao, wala wa sala ya jioni. Wenzake wanapokwenda kupokea, baba huyo apige magoti mahali pake, mtoto amwone. Na jioni, sala ya nyumbani ianzishwe na mtoto, baba aitikie.

Tumsifu Yesu Kristo.